Harusi niliyowasimulia ubalozini haikuwa yangu

Jumapili, alasiri. Mvua imeanza asubuhi, ikakata kidogo saa sita, sasa imerudi na hasira. Milima haionekani kabisa, ni wingu tu kuanzia juu mpaka kwenye mabati ya mtaa wetu, Mwembesongo. Nimefunga mlango wa steshenari kwa ndani, nimekaa kati ya mashine ya kopi na rundo la kadi za harusi ya watu.

Alhamisi saa tatu natakiwa ubalozini Dar, mara ya pili na ya mwisho. Wakisema hapana, basi.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mume wangu anaitwa Idi. Yuko Ulaya mwaka wa tatu sasa, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa. Hapa alikuwa mhudumu wa zahanati. Tumeoana miaka sita, na mwaka jana tukaomba nimfuate. Hilo tu. Sitaki kitu kingine chochote kwao, nataka kulala kitanda kimoja na mume wangu na kugombana naye ana kwa ana, si kwa simu inayokatika katika.

Lakini wanataka ushahidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli, na mimi, ninayetolea kopi vyeti vya nusu ya mji huu, sina karatasi.

Cheti cha ndoa ninacho. Kingine sina. Chumba tulichoishi kiliandikwa kwa jina la mjomba wangu. Akaunti ya pamoja hatukuwahi kuwa nayo. Nani kwetu anayo? Rekodi za simu nilidhani zitaniokoa, maana Idi hunipigia kila siku. Nikaenda kuziomba, zikatoka kurasa na kurasa, zote kwa jina la Hamisi, kaka yangu. Laini alinisajilia yeye, enzi hizo sikuwa na kitambulisho cha taifa, nami sikubadilisha. Kwa hiyo kwenye karatasi mume wangu ana miaka mitatu anampigia shemeji yake asubuhi na jioni. Hamisi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda chooni kulia.

Picha za harusi hakuna. Hapo ndipo penye donda.

Kwenye usaili wa kwanza yule dada wa ubalozini, mpole kweli, aliniuliza nimweleze siku ya ndoa yangu ilivyokuwa. Nikaanza kusema. Nikamwambia kulikuwa na turubai la bluu na nyeupe, wageni kama mia mbili, pilau, matarumbeta, mashangazi wameshona sare. Akauliza picha ziko wapi, nikasema simu ya mpiga picha iliibiwa. Nilisema vizuri mno. Niliona kila kitu kwa macho yangu, mpaka rangi ya sare.

Ilikuwa harusi ya mteja. Nilichapa kadi zake wiki ileile.

Idi alihojiwa siku nyingine, hukohuko aliko. Yeye hajui kudanganya, ni mtu wa Gairo, baba yake mkulima wa mahindi na karanga, wamezoea kusema jambo lilivyo. Aliwaambia kweli. Aliwaambia tulifumaniwa. Kwamba mjomba wangu alitukuta chumbani mchana kweupe, akiwa na majirani wawili na sheikh wa msikiti wa mtaani, na Idi akaambiwa aoe palepale au apelekwe serikali ya mtaa. Tukafungishwa ndoa juu ya mkeka tuliokutwa tumekalia. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo baba mdogo alipigiwa simu Mikese, akatoa idhini kwa spika, watu wote wakimsikia anakohoa. Ndoa ya mkeka, kama wengine wengi. Hakuna turubai, hakuna pilau, hakuna picha. Nani anapiga picha ya aibu?

Barua yao ni fupi. Inasema maelezo yetu hayalingani hata kidogo, na kwamba kama ya mume ndiyo ya kweli, wana shaka kama ndoa ilikuwa ya hiari.

Ya hiari!

Idi alinipigia jioni ile. Nilisubiri anikaripie. Akaniuliza tu, taratibu, "Saumu, uliwaambia kulikuwa na pilau?" Akasema, "Labda ungependa ingekuwa hivyo." Kisha akauliza lile swali lake. Ameliuliza kila mwaka tangu tuoane, mara nyingine kwa utani, mara nyingine akiwa amenipa mgongo: wasingetukuta siku ile, ungenikubali? Mimi hujibu kwa mzaha, "Ungekuja mara ya tatu ungeona." Maana alishaleta posa mara mbili, na mara zote mbili Mjomba Kibwana aliirudisha. Kwetu Waluguru mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake, na mama alipofariki mimi nilikuwa chini ya Mjomba moja kwa moja. Alitaka niolewe na mtu mwenye duka. Alisema Idi ni mtu wa kupita barabarani, ukoo wake haujulikani.

Safari hii sikufanya mzaha. Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Sasa niseme nilichofanya Ijumaa, maana nimeapa kusema yote. Nilitengeneza kadi ya harusi yangu.

Nilikaa hapahapa. Mama Neema, mwenye duka, alikuwa amekwenda msibani. Nikachagua maua ya kizamani, yale tuliyokuwa tunayatumia miaka hiyo. Familia ya Mzee Kibwana inayo furaha kubwa kuwaalika. Jina langu, jina la Idi, tarehe iliyo kwenye cheti. Nikaichapa, nikaipaka chai ya rangi kwa pamba, nikaipiga pasi, nikaikunja na kuikunjua mpaka pembe zikalegea. Ilitoka nzuri mno. Niliiangalia nikaona wivu, nikamuonea wivu yule Saumu wa kwenye kadi.

Kadi peke yake isingetosha. Nilihitaji mtu mzima wa kuandika barua na kutia sahihi kwamba harusi ilikuwepo. Mtu huyo ni mmoja tu, na ndiye amekuwa akisimulia harusi hiyo kwa watu kwa miaka sita. Ndiyo, Mjomba. Alirudi mlimani, juu ya Kinole, akaacha biashara ya ndizi sokoni, na huko kila anayemuuliza humwambia alimuoza mpwa wake kwa sherehe. Posa ilikuja, mahari ikatolewa, watu wakala.

Jana alfajiri nikachukua bodaboda. Barabara ilikuwa tope tupu, dereva alinishusha mara tatu nitembee yeye akisukuma. Nilifika nimelowa mpaka kwenye mfuko wa nailoni niliofungia kadi.

Mjomba alikuwa barazani anachambua pilipili manga, amejifunika koti juu ya kanzu. Amezeeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akasema, "Umekumbuka njia." Nilistahili. Sikuwa nimekwenda huko tangu Idi aondoke.

Nilimweleza kila kitu, barua, Alhamisi, hayalingani. Kisha nikatoa kadi. Akaipokea kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti, polepole, jina lake akalirudia. Familia ya Mzee Kibwana. Nilidhani atanitukana. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa na maji.

"Nzuri hii," akasema. "Ndivyo ilivyotakiwa kuwa."

Nikampa barua niliyokwisha kuichapa, kalamu juu yake. Akaisoma nayo. Akairudisha.

"Kusema nimesema," akasema. "Kutia sahihi siwezi. Sahihi ya uongo nitakufa nayo."

Nilipiga magoti. Sina haya kuandika hilo. Nilipiga magoti kwenye tope la uani kwake, mwanamke wa miaka thelathini na moja, nikamwambia atanimaliza, kwamba alimkataa Idi mara mbili na sasa anamkataa mara ya tatu kwa kalamu. Nilisema maneno mabaya. Nilisema kama angemkubali mtu tangu mwanzo, yote haya yasingekuwepo, turubai lingekuwepo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu yake ya tochi. Ni ileile aliyokuwa nayo sokoni, imefungwa mpira wa baiskeli isitawanyike. Akabonyeza, akabonyeza, akanipa.

Ujumbe ulikuwa na miaka sita. "Mzee Kibwana nenda nyumbani kwako sasa hivi. Mpwa wako yuko ndani na mwanaume. Ni mimi msamaria mwema."

Mimi ndiye niliyeuandika ujumbe huo.

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nianze kuandika, na nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakuna binadamu niliyewahi kumwambia. Siku ile nilimwita Idi nyumbani mwenyewe, nikamwambia Mjomba yuko sokoni, aje ale. Nilitandika mkeka mwenyewe. Alipokuwa anakula nilimwambia kifungo cha shati lake kinataka kudondoka. Hakikuwa kinataka kudondoka. Nilikishika nikakizungusha mpaka uzi ukakatika, nikamwambia vua nikushonee. Akavua. Maskini, akaendelea kula kifua wazi, ananisimulia habari za wagonjwa wa zahanati. Nikaingia chumba cha pili kutafuta sindano, na huko nikatoa simu ya duka niliyokuwa nimeibeba kwenye mkoba, nikaandika, nikatuma, nikaizima, nikaifukia kwenye ndoo ya mchele. Nikatoka na sindano nikakaa karibu naye.

Hatukufanya lolote. Walipoingia nilikuwa natia uzi kwenye tundu la sindano, na uzi ulikuwa hauingii kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka.

Nilijua Mjomba atafanya nini. Nilimjua. Anaogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa simba. Nilijua atamlazimisha Idi anioe jua halijazama, nami nilitaka hasa alazimishe.

Nilikuwa tayari na jibu la uongo mdomoni jana. Lakini Mjomba alinitangulia. Alisema kesho yake asubuhi aliipigia ile namba, amshukuru huyo msamaria. Ikapokewa. Sauti ikasema, "Steshenari, karibu." Akakata.

"Sauti yako nisiijue?" akaniuliza. "Nimekulea."

Miaka sita alijua. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akarudi kwenye pilipili zake, akasema, "Ningesema nini? Kwamba mpwa wangu ndiye aliyeniita niende kumfumania?" Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba alishamkataa Idi mara mbili mbele ya wazee, angemkubali ya tatu angeonekana hana msimamo. "Wewe ulinipa njia. Nikapita." Akacheka kidogo, akakohoa. Jinsi alivyo na kiburi mzee huyu! Na jinsi nilivyofanana naye.

Wakati wa kuondoka nilimwomba simu. Nilimuuliza atatumia nini. Akasema, "Nani ananipigia? Wewe ndiye wa kupiga, na hupigi." Akatoa laini, akanikabidhi mwili wake na mpira wake. Nikamuuliza pia kama naruhusiwa kuandika haya kwenye blogu, maana na yeye yumo. Akasema niandike, wa huko mlimani hawasomi mambo yetu haya, ila msikitini nisipeleke. Kadi hakunirudishia. Aliikunja vizuri akaitia kwenye mfuko wa kanzu, upande wa moyo, nami sikuwa na uso wa kumdai.

Nimeteremka na simu ya tochi badala ya barua. Hapo ndipo nilipofika.

Sasa nifikirie kama wao. Ujumbe upo humo, na tarehe ndiyo ileile ya kwenye cheti. Namba ni ya duka hili, iko kwenye bango hapo nje mpaka leo. Mama Neema nimeshampigia, amekubali kuandika kwamba simu ya duka nilikuwa nashika mimi. Alipiga kelele sikio likauma, "Saumu! Wewe mtoto ni mshenzi!" kisha akauliza kama aitie mhuri wa duka. Kwa hiyo ninao ushahidi kwamba sikulazimishwa. Lakini ni ushahidi huohuo kwamba mimi ni mwongo, na nilishawadanganya usoni mara moja. Yule dada mpole ataandika nini? Kwamba mwombaji aliwahi kumtega mume wake, akautega ukoo wake, na akautega ubalozi? Leo sijala. Nimejaribu chai, imenishinda.

Na si wao wanaonitisha zaidi.

Idi hajui.

Idi alikaa kifua wazi mbele ya sheikh na majirani, ameinamisha kichwa, akasema kosa ni lake, mimi nisiguswe. Hakuna aliyemuuliza, alijitolea. Baba yake kule Gairo alisikia kwamba mwanawe kaokotwa chumbani kwa watu, hakuzungumza naye mwaka mzima. Mwaka mzima Idi alikuwa anapiga simu, mama yake anapokea, baba anasikika akiondoka. Mimi nilikuwa nakaa pembeni namshika mgongo, nampa pole. Nilimpa pole ya jambo nililompikia mwenyewe! Ningeweza kusema siku yoyote. Kila siku ilipopita ikawa ngumu zaidi, na nikaona heri awe na mke aliyekutwa kuliko mke aliyemtega. Ndiyo maana hata wao niliwaambia habari ya turubai. Nilikuwa nakwepa siku ile kwa kila njia, maana nikiigusa tu inatoka yote.

Na bado yeye, maskini, amekuwa akidhani mimi ndiye niliyelazimishwa. Kwamba nilikubali kwa sababu mlango ulikuwa umejaa watu. Ndiyo sababu huuliza. Sikuwahi kuelewa mpaka jana kwenye bodaboda, tope limenijaa mpaka magotini: kila akiuliza alikuwa anaumwa, nami nilikuwa namtania.

Nimejaribu kumpigia mara nne leo. Kila nikisikia "haloo" yake namuuliza habari za baridi.

Kwa hiyo naandika. Idi husoma hapa kila asubuhi kabla ya kuingia zamu, anasema ndiyo chai yake. Wengine mtanicheka, chekeni. Mnaonijua Mwembesongo, kesho nitafungua duka kama kawaida, njooni mnitazame vizuri. Sijui kama Alhamisi watanipa viza. Sijui hata kama Jumatatu bado nitakuwa na mume wa kumfuata. Niko kwenye maji ya shingo na nimejitumbukiza mwenyewe.

Idi, ukifika hapa usinipigie kwanza. Kaa. Ingia kazini, wageuze wazee wako, wape uji, kisha urudi usome tena. Kukasirika una haki. Kwa baba yako nitakwenda mwenyewe Gairo, nimpigie magoti kama nilivyompigia Mjomba, ukinipa ruhusa.

Lile shati bado unalivaa, nimeliona kwenye video, kifungo cha tatu hakipo. Ninacho mimi. Kimekaa miaka sita kwenye kopo la pini hapa dukani, na kila nikibana karatasi za watu nakigusa kwa kidole.

Uliniuliza wasingetukuta ningekukubali. Mume wangu, walikuja kwa sababu niliwaita. Nilichoka kuona unarudishwa mlangoni, nikakuchagua peke yangu, mchana kweupe, kwa simu ya duka.

Alhamisi saa tatu nitawaambia hivyo hivyo. Wewe nimekuambia kwanza.